Gari Lililojiongezea Oili

Saa moja na robo asubuhi, gari jekundu la milango miwili linasimama mbele ya lango la gereji na kushindwa kuingia. Limekaa chini mno. Mbele yake kuna tuta dogo la zege juu ya mfereji wa maji, tuta ambalo pikapu na teksi hulivuka kila siku bila hata kupunguza mwendo. Gari hili likithubutu, litaacha bampa hapo hapo.

Ndani ya shimo, chini ya pikapu ya muuza kuku, mwanamke wa miaka arobaini na minne anasikia mngurumo asioujua. Anaweka spana pembeni na kupanda ngazi nne, akipangusa mikono kwenye ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikasimama mistari. Hapo anamwona mgeni: mzee mrefu, shati jeupe, miwani inaning'inia kifuani. Amesimama kando ya gari lake kama mzazi aliyemleta mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Sitaki kukusumbua. Nataka upepo tu kwenye magurudumu."

"Upepo upo. Ngoja kwanza nikuwekee daraja."

Anatandika mbao mbili pana juu ya tuta, anapima kwa macho, anasogeza moja kwa ncha ya kiatu. "Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Hapo. Sasa endelea, na usipumue."

Gari linaingia. Mzee anapumua.

Mtaani wanamwita Shangazi. Jina lilianzia kwa binti wa kaka yake, likadakwa na madereva wa teksi, na leo hata mwenye nyumba anayemzidi umri kwa miaka ishirini humwita hivyo anapokuja kuchukua kodi. Ana miaka ishirini na miwili katika ufundi wa magari, saba ya mwisho akiwa na gereji yake mwenyewe: shimo moja, meza ya chuma, rafu mbili za spana na ukuta wa samawati anaouosha kwa mkono wake kila mwisho wa juma. Siku nzuri hufanya sevisi ya magari manne. Siku mbaya huja moja, au mtu anayetaka upepo tu. Theluthi ya anachopata huishia kwenye pango.

Anajaza magurudumu matatu. Kwenye la nne, lile lililo karibu na ekzosi, anasita na kunusa.

"Mzee wangu, unaisikia hiyo harufu? Ni petroli."

"Gari la kasi hilo, mama. Lazima linukie kidogo."

"Limetembea kilomita ngapi?"

Mzee anavaa miwani ili alitamke jibu vizuri. "Elfu nne na mia moja. Kwa miaka mitatu." Halafu anaongeza, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mapacha, "Na halinywi oili hata tone. Tena mwaka huu imeongezeka."

Shangazi anaweka chini mpira wa upepo. "Imeongezeka?"

"Kwa kipimo. Ilikuwa katikati ya alama mbili. Sasa imepita ya juu."

Jirani wa gereji, muuza vipuri ambaye mtaa mzima humwita Spea, amekwisha kusogea na kikombe chake cha chai. Hakosi kuja panapokuwa na gari geni. "Basi mzee wetu ni Daktari wa Magari, amepata kisima," anasema. "Tulete ndoo."

Mzee anacheka naye. Ni daktari kweli, ila wa meno, mstaafu wa miaka sitini na saba. Alilinunua gari hilo wiki ile ile aliyofunga kliniki yake, baada ya kulitamani kwenye magazeti tangu akiwa mwanafunzi. Analiogopa kidogo, na analipenda sana. Kila asubuhi kabla ya chai huliwasha palepale uani, dakika tano, akisimama kando na kusikiliza. Halafu hulizima na kulifunika shuka.

"Linapata pumzi," anaeleza.

"Daktari," anasema Shangazi taratibu, "unalimaliza."

Anachomoa kijiti cha kupimia oili na kukileta mezani. Hapa ndipo ulipo utaratibu wake ambao hauonekani kwenye gereji nyingi. Hatazami tu kimo cha oili, wala hasemi "imechafuka" kisha mteja amwamini. Anachukua karatasi nyeupe, anadondosha tone moja katikati, na kumwambia mteja aketi angalie mwenyewe. Karatasi zinatoka kwa mumewe, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, na upande wa pili huwa na michoro ya wanafunzi wake. Tone la Daktari linaangukia mgongoni mwa ng'ombe wa zambarau mwenye miguu mitano.

Oili nzima huacha duara dogo, zito, lenye ukingo. Hii inakimbia. Katika dakika mbili imesambaa kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza, kijivu hafifu katikati na pete pana ya majimaji pembeni.

"Hiyo pete ni petroli," anasema Shangazi. "Ukiwasha injini ikiwa baridi, inamiminiwa petroli nyingi ili iamke. Nyingine haiungui, inateremka kwenye oili. Ukitembea nusu saa, oili inapata moto, petroli na unyevu vinakuwa mvuke vinatoka. Wewe unazima dakika ya tano. Kila siku unaongeza tone la petroli na tone la maji. Ndiyo maana imepanda."

Anafungua kifuniko cha kujazia oili na kukigeuza. Kwa ndani kimepakwa ute mzito wa rangi ya maziwa.

Daktari anautazama kwa muda, kwa jicho la mtu aliyetazama vinywa vya watu miaka thelathini na sita. "Lakini kitabu kinasema kilomita elfu kumi na tano," anasema hatimaye. "Bado sijafika hata theluthi."

"Kitabu kiko wapi?"

Kiko ndani ya gari, kwenye mfuko wake wa plastiki, kipya kama kilivyotoka kiwandani. Daktari anatafuta ukurasa, anasoma kwa sauti: "'Badilisha oili kila kilomita elfu kumi na tano...'"

"Endelea. Sentensi haijaisha."

"'...au kila miezi kumi na miwili, chochote kitakachotangulia.'" Anasoma tena, kimya. "Hii haikuwepo."

"Ilikuwa likizo," anasema Spea.

"Daktari," Shangazi anauliza, "wagonjwa wako ulikuwa ukiwaambia warudi lini?"

"Kila miezi sita."

"Hata kama jino haliumi?"

"Hasa kama haliumi. Wanaokuja linapouma huwa..." Anaishia hapo. Spea anageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari anakunja miwani yake na kucheka mwenyewe mpaka anaketi juu ya ndoo.

Shangazi hacheki sana kwenye jambo hili, na sababu anayo. Miaka kumi na minne iliyopita, akiwa fundi wa kuajiriwa kwenye gereji kubwa, alipokea gari la kasi la mpiga picha wa harusi. Lilikuwa na kilomita elfu tatu kwa miaka minne. Alitazama kilomita, akaandika "bado" kwenye karatasi ya sevisi, akasaini. Wiki mbili baadaye lilirudi likiburutwa, turbo yake, feni inayoisukumia injini hewa, imekufa.

"Alilia pale getini," anakumbuka. "Bosi akaniambia nisijali, makaratasi yako sawa. Na kweli yalikuwa sawa. Injini ndiyo haikuwa sawa."

Tangu siku hiyo huandika miezi kabla ya kilomita. Gari linalotembea barabara ndefu, anasema, linaweza kwenda mpaka kilomita zilizoandikwa kitabuni. Gari la kasi linalotoka mara moja moja, hata likitembea vizuri, anataka alione mara moja kwa mwaka, kilomita ziseme zisemavyo. Na la safari fupi fupi, miezi sita. "Turbo inazunguka kuliko kitu chochote unachokijua, na imekalia utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukiwa na petroli, inakalia chuma kwa chuma. Nyumbani hutasikia kitu. Utasikia ukianza kupanda mlima."

Kwa neno hilo Daktari ananyanyuka juu ya ndoo.

"Jumamosi napanda mlima," anasema.

Upepo aliutaka kwa ajili hiyo. Jumamosi yeye na mkewe wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Wiki yao ya kwanza waliikaa kwenye hoteli ndogo ya vyumba sita, kileleni, kilomita sabini za kupanda kutoka hapa. Walifika huko juu ya lori la maziwa, wameketi katikati ya madebe, bibi harusi akiwa na viatu mkononi. Njiani kijana yule aliyekuwa bado mwanafunzi alimwambia mkewe kwamba siku moja angemrudisha kwa gari ambalo watu wangeligeukia. Chumba kimekwisha kuwekwa, kile kile. Hoteli inafungwa mwisho wa mwezi, imeuzwa.

"Niambie ukweli. Litafika?"

"Kwa oili hii? Likifika halitashuka."

Shangazi anachukua kitabu na kusoma aina ya oili inayotakiwa: uzito wake na alama ya kiwanda inayopaswa kuwa kwenye kopo. Anaijua. Haijawahi kukaa kwenye rafu yoyote ya mtaa huu. Anampokea Daktari ufunguo.

"Lisiwashwe tena mpaka nimwage hiyo. Jumamosi saa mbili asubuhi litatoka hapa, na ndani litakuwa na oili ile ile iliyoandikwa kitabuni."

"Unaahidi?"

"Nimeshasema, Daktari."

Ilikuwa Jumanne. Jumatano, meneja wa kiwanda cha mikate alimpigia simu. Kwa miezi minane Shangazi alikuwa amekwenda kwenye kiwanda hicho akiwa na ovaroli safi na bei zake kwenye karatasi, akirudishwa na mlinzi, na mara mbili na katibu muhtasi. Sasa meneja mwenyewe alikuwa kwenye simu. Angeleta magari manne ya kujaribia Ijumaa, siku pekee yanapopumzika. Akiridhika, yote kumi na moja yangekuwa yakija kwake, kila mwezi.

Ili kuelewa maana ya kumi na moja, lazima ushuke kwenye lile shimo. Ni refu kumzidi fundi kwa kiganja kimoja, jembamba, na mvua ikinyesha maji huchuruzika kutoka kona ya nyuma. Kwa miaka yote hiyo Shangazi amefanya kazi shingo ikiwa imegeuzwa juu. Anachokitaka ni lifti ya nguzo mbili, ile inayonyanyua gari hewani fundi akasimama chini yake kwenye mwanga. Amekwisha kupima nafasi. Kuna alama nne za chaki sakafuni ambazo mtu haruhusiwi kuegesha kitu juu yake. Na kuna wasichana wawili wa chuo cha ufundi walioomba kujifunza kwake, ambao amewaambia wasubiri.

"Sitaki wajifunze wakiwa shimoni," anasema. "Nataka wajifunze wakiwa wamesimama."

Kwa magari kumi na moja ya mikate, lifti ingekuja baada ya mwaka mmoja. Bila hayo, kwa hesabu za mumewe, ni miaka mitano.

Mpaka Alhamisi mchana alikuwa ameshapiga simu maduka tisa. Oili ilipatikana kwenye moja tu, katika mji mkubwa, mwendo wa saa tatu kwa basi. Mzigo ukitumwa, ungefika Jumatatu. Mtu wa kutuma hakuwepo: mumewe ana watoto thelathini na watano darasani, Spea ana duka. Isitoshe, makopo ya kughushi ni mengi, na yeye huyatambua kwa kupitisha ukucha kwenye mshono wa kifuniko. Ilibidi aende mwenyewe, Ijumaa, kutwa nzima.

Spea alimletea kopo kutoka rafuni kwake. "Uzito ni ule ule. Alama tu ndiyo haina. Oili ni oili, Shangazi. Weka hii, pokea mikate yako, mzee apande mlima wake. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mtu wa kusema."

"Ndiyo maana sitaki kubaki na jambo hilo moyoni."

Alimpigia meneja na kuomba Jumamosi mchana, au Jumapili, au hata Ijumaa usiku. Meneja hakuwa mkali. Alisema tu kwamba magari yake hufuata ratiba, na kwamba kama fundi hawezi Ijumaa wapo wanaoweza.

"Nimeelewa, meneja. Kuna mtu nilimpa neno kabla yako."

"Gari ngapi?"

"Moja."

Meneja akamtakia siku njema.

Jioni hiyo alikuja mgeni mwingine, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, mkunga mstaafu, mke wa Daktari. Spea hakuwa ameweza kukaa na habari mdomoni.

"Mwanangu," alisema, akiketi bila kuambiwa, "nimesikia unaacha kazi kwa ajili yetu. Mume wangu anajilaumu mpaka hali chakula. Weka oili yoyote, au tuache. Tunaweza kupanda basi."

"Mama, umesubiri miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Uliolewa ukapandishwa kwenye madebe ya maziwa. Sasa nikupandishe basi?"

Mkunga alimtazama, akatabasamu polepole. "Madebe yalikuwa matupu," alisema. "Yalipiga kelele njia nzima. Tulipofika nilikuwa kiziwi, na ndiyo maana sikusikia aliponiambia tena kuhusu gari. Ilibidi aniandikie."

Nyumbani, kwenye vyumba viwili nyuma ya shule, Mwalimu alikuwa akipiga pasi ovaroli ya kesho. Ni kazi aliyojipa mwenyewe tangu waoane. Husema mke wake ni injinia na lazima afanane na mainjinia.

"Mikate imetuponyoka?" aliuliza bila kuinua macho.

"Imetuponyoka."

"Basi tutakunywa chai kavu." Akageuza mkono wa ovaroli, akaunyoosha. "Basi la kwanza ni saa kumi na mbili. Nimekuwekea nauli kwenye mfuko wa kushoto."

Binti zao wawili walitaka kujua kama gari jekundu linaweza kuruka. Mama yao aliwaambia linaweza, lakini amelikataza.

Ijumaa alikwenda na kurudi, makopo matano ya lita moja moja yakiwa mapajani kwa saa tatu, kwa kuwa hakuyaamini kwenye buti la basi. Filta aliibeba kwenye mkoba wa mkate ambao haukuwa na mkate.

Sasa ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na oili ya miaka mitatu inamwagika kwenye beseni. Inatoka nyepesi kama maji ya chai. Shangazi anaiacha itiririke mpaka tone la mwisho, hana haraka hata leo. Anafunga nati kwa pete mpya, anafunga filta kwa mkono, anamimina oili mpya yenye rangi ya asali. Anawasha injini na kuiacha ipate moto wa kutosha, anazima, anasubiri oili ishuke. Halafu anapima. Iko sawasawa kati ya alama mbili.

Saa mbili kasoro robo wanaingia Daktari na mkewe, kila mmoja amevaa kama anakwenda kanisani na disko kwa pamoja. Shangazi anamkabidhi Daktari kijiti na karatasi mpya, nyuma yake kuna jua lenye miwani. Tone linabaki mahali pake, zito, lenye ukingo.

"Halikimbii," anasema Daktari.

"Halina pa kukimbilia. Sasa nisikilize. Hakuna tena kuliamsha asubuhi. Liache lilale. Ukilitoa, litembeze nusu saa au zaidi, na ukifika juu usizime papo hapo, liache lipoe dakika mbili. Kurudi kwangu ni baada ya miezi sita."

"Hata kama sijafika kilomita elfu moja?"

"Hasa kama hujafika."

Mkunga amekwisha kuzunguka upande wa dereva na anarekebisha kiti. Mumewe anamtazama.

"Kupanda mimi, kushuka wewe," anasema mkewe. "Safari ile nilishika madebe."

Daktari anafungua mlango wa abiria, halafu anarudi hatua mbili na kumshika Shangazi mikono yote miwili, na oili yake. Anataka kusema kitu juu ya mikate. Shangazi anatikisa kichwa.

"Jumatatu nitampigia meneja tena," anasema. "Magari kumi na moja hayaachi kutaka oili. Nendeni, mtachelewa."

Mbao zimetandikwa. Gari jekundu linavuka tuta sentimita kwa sentimita, mkunga akiwa ameuma mdomo, linaingia barabarani. Kwenye makutano, gari jeupe la mikate linasimama kulipisha. Kwenye kioo chake inaning'inia kadi ya sevisi ya jana, ya gereji nyingine. Dereva wake anaangalia gari jekundu mpaka shingo inageuka nyuma. Shangazi anampungia mkono, na dereva naye anapunga, bila kujua kwa nini.

Spea ametoka dukani na chai yake. Anaangalia kadi ile ikipita. "Ile kadi..." anaanza.

"Sikiliza kwanza," Shangazi anamwambia.

Wanasimama. Ng'ambo ya nyumba za mwisho barabara inaanza kupanda, na mlio wa injini unapanda nayo, gia ya pili, gia ya tatu, laini, bila kikohozi, mpaka unakuwa mwembamba na kumezwa na kona ya kwanza ya mlima.

Saa ya ukutani inaonyesha saa mbili na dakika moja.

"Nimechelewa dakika moja," anasema Shangazi, na kumwita dereva wa teksi anayesubiri nje aingize gari lake juu ya shimo.